Leuven na Migomba ya Karagwe

Chuo Kikuu cha Leuven kilianzishwa mwaka 1425 kwa hati ya Papa Martin V, katika mji mdogo wa Ubelgiji ulio mashariki kidogo ya Brussels. Katika karne zake za mwanzo kilipitiwa na watu ambao majina yao bado yamo katika vitabu vya shule: Andreas Vesalius, aliyeandika upya elimu ya mwili wa binadamu, Gerardus Mercator, ambaye mchoro wake wa ramani ya dunia ungali ukining'inia madarasani, na Erasmus, aliyeshiriki kuanzisha hapo mwaka 1517 chuo cha Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Wafaransa walikifunga mwaka 1797, maaskofu wakakifufua mwaka 1834, na maktaba yake ikateketezwa mara mbili, katika vita vya 1914 na vya 1940. Mwaka 1968 ugomvi wa lugha ukakipasua: wanaosoma kwa Kifaransa wakahamishiwa mji mpya wa Louvain-la-Neuve, wanaosoma kwa Kiholanzi wakabaki na majengo ya kale. Hicho kilichobaki, KU Leuven, ndicho kinachohusika hapa, maana kazi zake zimefika hadi katika vibanja, yaani mashamba ya migomba, vya wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, kuanzia Nyaishozi hadi mpaka wa Uganda, mahali ambapo ni wachache waliowahi kulisikia jina lake.

Sifa ya chuo hiki kwa sasa inatokana na uhusiano wake na wafanyabiashara kuliko na ukongwe wake. Mwaka 1972, wakati vyuo vingi vya Ulaya bado viliona aibu kwa profesa kuzungumza habari za faida, Leuven ilifungua ofisi maalumu ya kuuza na kulinda matunda ya utafiti, iitwayo Leuven Research & Development. Muundo wake ulikuwa rahisi lakini wa werevu. Watafiti kutoka vitivo mbalimbali waliruhusiwa kuunda kikundi kimoja, kupokea mikataba kutoka viwandani, na kubaki na sehemu kubwa ya mapato ili wayatumie katika utafiti mwingine au katika kampuni mpya. Profesa hakulazimika kuchagua kati ya maabara na soko. Mwaka 1997 chuo na mabenki wakaanzisha mfuko wa mtaji wa kwanza kwa kampuni changa, ukapewa jina la Gemma Frisius, mwalimu wa Mercator.

Matokeo yanaonekana mjini penyewe. Imec, kituo cha utafiti wa chipu za elektroniki kilichoanzishwa mwaka 1984 chini ya profesa wa chuo, Roger Van Overstraeten, leo kinashirikiana na karibu kila mtengenezaji mkubwa wa chipu hizo duniani. Materialise, kampuni ya uchapaji wa vitu vya pande tatu (3D), ilizaliwa chuoni mwaka 1990 na sasa hisa zake zinauzwa Marekani. Shirika la habari la Reuters lilipoanza mwaka 2016 kupanga vyuo vya Ulaya kwa kigezo cha uvumbuzi, Leuven ilishika nafasi ya kwanza, na ikaishika tena kila mwaka hadi 2019. Orodha za namna hii hupima hataza na makala zinazonukuliwa. Hazipimi kama kitu kilichovumbuliwa kimemfikia mtu asiye na fedha za kukinunua, na hapo ndipo habari ya Kagera inapoanza kuwa na uzito.

Kazi ya Leuven imeingia Kagera kwa njia mbili. Ya kwanza ni kidonge. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata hakuna mkoa ulioguswa mapema na kwa uchungu kama huo. Wakati huohuo, katika Taasisi ya Rega ya chuo cha Leuven, Erik De Clercq alikuwa akishirikiana na mkemia wa Prague, Antonín Holý, kuchunguza jamii mpya ya kemikali zinazozuia virusi visijinakili. Makala yao ya kwanza kubwa ilitoka mwaka 1986. Kutoka katika jamii hiyo ilipatikana tenofovir, ambayo kampuni ya Gilead ya Marekani iliiendeleza na kuipatia kibali cha kuuzwa mwaka 2001. Leuven na taasisi ya Prague zikawa zinalipwa mrabaha. Bei ya kwanza ilikuwa ya nchi tajiri. Kilichoifikisha Afrika ni leseni walizopewa watengenezaji wa India kuanzia mwaka 2006, kisha mkataba wa Gilead na hazina ya kimataifa ya hataza za dawa mwaka 2011. Leo tenofovir ni mojawapo ya dawa tatu zilizo ndani ya kidonge kimoja cha kila siku kinachotolewa bure katika vituo vya afya vya Tanzania, vya Karagwe vikiwemo.

Njia hiyo ya kwanza ina wapokezi wanaofuatana bila pengo: maabara, kampuni, mtengenezaji wa bei nafuu, bohari ya dawa, zahanati. Kila mmoja anajua anachopokea na nani anamlipa. Njia ya pili, ya mgomba, haikuwa hivyo.

Swali la kwanza la mgeni ni kwa nini nchi isiyoweza kuotesha mgomba nje ya banda la kioo iwe na utafiti mkubwa wa migomba. Jibu liko Kongo. Katika utawala wa Wabelgiji, kituo cha Yangambi kandokando ya mto Kongo kilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya utafiti wa kilimo barani Afrika. Edmond De Langhe alifanya kazi huko akikusanya na kuainisha migomba, na baada ya uhuru wa Kongo elimu hiyo ikahamia Leuven pamoja naye. Mwaka 1985 mtandao wa kimataifa wa utafiti wa migomba, ambao De Langhe aliuongoza, uliiweka hazina yake ya aina za migomba katika maabara ya chuo hicho. Kituo hicho sasa kina aina zaidi ya 1,500, mkusanyiko mkubwa kuliko wowote duniani, zikitunzwa kama vichipukizi vidogo ndani ya mirija ya kioo kwenye baridi ya nyuzi 16, na nakala zake zikiwa zimegandishwa katika naitrojeni ya kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtafiti au taasisi ya kilimo yoyote inaweza kuomba aina fulani na kutumiwa bila malipo.

Thamani ya hazina hiyo inaeleweka kwa anayejua jinsi mgomba unavyozaliana. Migomba ya chakula haina mbegu. Mkulima hupanda chipukizi lililochimbwa kutoka katika shina mama. Pamoja na chipukizi huja fukusi na mayai yake, minyoo ya mizizi, na magonjwa ya shamba lilikotoka. Maabara hukata ncha ya chipukizi yenye ukubwa usiozidi punje ya mchele, huiosha isibaki na kijidudu, huiotesha katika chupa yenye chakula maalumu, na kuigawanya tena na tena. Kutoka ncha moja hupatikana mamia ya miche iliyo sawa, isiyo na fukusi wala minyoo, na ikishapimwa virusi inaweza kuvuka mipaka bila kupeleka maradhi. Leuven, kwa kuwa haina mashamba ya migomba yanayoizunguka, ni mahali salama pa kufanyia kazi hiyo: ugonjwa wa migomba ukitoroka maabara hauna pa kwenda. Upungufu wa nchi hiyo, yaani kukosa migomba, ndio uliogeuka kuwa sifa yake.

Kagera ilihitaji miche hiyo kwa sababu kibanja kilikuwa kimechoka. Kilimo cha Wahaya na Wanyambo kinajulikana: migomba imezunguka nyumba, kahawa chini ya kivuli chake, maharage katikati, samadi na majani vikirudishwa shinani kizazi baada ya kizazi. Kuanzia miaka ya 1970 fukusi na minyoo walishamiri, rutuba ikapungua pamoja na mifugo, ugonjwa wa sigatoka nyeusi ukakausha majani, na mashamba yakagawanywa baina ya warithi hadi yakawa vipande. Karagwe, yenye ardhi pana na ng'ombe zaidi, ilisimama vizuri kuliko Bukoba na Muleba, na polepole ikawa ndiyo inayolisha wengine. Lakini haikuwa salama.

Mwaka 1997 serikali za Ubelgiji na Tanzania zilianza Mpango wa Maendeleo ya Jamii Kagera, KCDP, uliodumu hadi 2002. Kwa upande wa migomba mpango huo ulitegemea Leuven moja kwa moja. Miche zaidi ya 70,000 ya aina 23 ilizalishwa katika maabara ya chuo na kusafirishwa kwa ndege hadi Kagera. Nyingi zilikuwa chotara zilizozalishwa Honduras na taasisi ya FHIA, kama FHIA-17 na FHIA-23. Nyingine zilikuwa aina za kale kutoka kwingine, mojawapo Yangambi Km5, ikifika Afrika Mashariki kutoka kituo kilekile cha Kongo kwa kupitia Ulaya. Miche ilipandwa kwanza katika mashamba ya kuzalishia, mashina yakachokonolewa ili yatoe machipukizi kwa wingi, na kwa miaka michache machipukizi yapatayo milioni 2.5 yakawa yamegawiwa kwa wakulima. Kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba, kilisimamia majaribio mashambani. Kwa kazi ya kueneza aina mpya, ni vigumu kutaja mfano mwingine wa Afrika Mashariki wa wakati huo uliokwenda kasi kiasi hicho.

Kasi hiyo haikuletwa na biashara. Ililetwa na desturi ya kibanja, ambapo chipukizi huombwa na kupewa. Ndugu, jirani, mkwe na mgeni huondoka nalo begani. Mkulima aliyepokea machipukizi ya FHIA alitakiwa na mpango kuwapa wengine, lakini angewapa hata asingetakiwa. Kwa uenezaji, hakuna kampuni ya mbegu ambayo ingeweza kushindana na mtandao huo. Kwa biashara, mtandao huohuo ni kikwazo: nani atanunua mche kwa fedha taslimu wakati jirani anao wa bure? Mwekezaji anayefikiria kufungua maabara ya miche ya migomba Kagera hukutana na swali hilo kabla ya mengine yote. Nchini Uganda, kampuni binafsi ya Agro-Genetic Technologies ya Buloba, karibu na Kampala, ilifanikiwa kuuza miche ya chupa, lakini wateja wake wakubwa mara nyingi walikuwa serikali na miradi ya wahisani waliokuwa wakiigawa.

Kisha kuna ladha. Chotara za Honduras zilitoa mikungu mikubwa ajabu, mara mbili au tatu ya ile ya kawaida, lakini hazikutoa matoke. Ndizi ya kupika ya Nyanda za Juu za Afrika Mashariki ina ulaini na rangi ya manjano ambayo mlaji wa Karagwe huitambua kwa tonge la kwanza, na FHIA haikuwa nayo. Utafiti uliohaririwa na Melinda Smale na Wilberforce Tushemereirwe na kuchapishwa mwaka 2007, ukichunguza migomba ya Uganda na Kagera kwa macho ya wachumi, ulionyesha kwamba ladha na matumizi vina uzito mkubwa katika uamuzi wa kaya kuhusu mgomba wa kupanda. Hivyo aina mpya zilipokewa kama nyongeza pembeni mwa kibanja. Zilishika zaidi palipokuwa pameharibiwa na fukusi, na zikatumika kama ndizi mbivu, kwa watoto, na kwa rubisi, pombe ya ndizi ya kienyeji.

Rubisi ndiyo ingekuwa mlango wa kiwanda. Mkungu mkubwa wenye maji mengi na sukari ni hasara jikoni lakini ni faida katika mtumbwi wa kukamulia. Arusha, kampuni ya Banana Investments ilianza mwaka 1993 kutengeneza pombe ya ndizi ya chupa na ikajenga soko la kitaifa. Kagera, yenye ndizi nyingi na yenye ujuzi wa kale wa kinywaji hicho, iliendelea kukamua kwa miguu na majani majumbani, kuchanganya unga wa mtama, na kuuza kwa kibuyu na jaba siku hiyohiyo, kwa sababu rubisi haikai. Kuifanya ikae ni suala la hamira, joto na usafi, yaani mambo ambayo Leuven inayajua kuliko vyuo vingi. Mji huo una kiwanda cha bia ambacho mizizi yake inatajwa tangu 1366, na makao makuu ya AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani, yako hapohapo. Kampuni hiyo ilipoinunua kampuni nyingine ya bia, SABMiller, mwaka 2016 iliingia pia katika umiliki wa Kampuni ya Bia Tanzania. Kwa hiyo mji mmoja wa Ubelgiji ulikuwa na mbegu ya mgomba, elimu ya uchachuaji na kampuni inayouza bia Kagera, na mambo hayo matatu hayakukutana Karagwe. Si kosa la mtu fulani. Ofisi ya 1972 iliundwa ili kumuunganisha profesa na kampuni inayogonga mlango wake, na Karagwe haikuwa na kampuni ya kugonga.

Kati ya mwaka 2005 na 2006 ukaingia mnyauko wa bakteria, uliokuwa umetokea Uganda mwaka 2001. Ugonjwa huu huenezwa na panga lililokata mgomba mgonjwa na wadudu wanaotembelea ua la kiume. Majani hulegea, ndizi huiva ovyo zikiwa na madoa ya kahawia ndani. Hakuna mgomba wa kulimwa unaojulikana kuwa na kinga kamili, za FHIA zikiwemo. Hapa sifa ya maabara kubwa haikusaidia upesi. Kilichosaidia ni kukata ua la kiume kwa kijiti cha panda, kuchoma panga motoni, na kung'oa shina lililougua, yote yakisimamiwa na maofisa ugani, viongozi wa vijiji na sheria ndogo. Mnyauko pia ulionyesha upande wa pili wa desturi ya kugawiana: njia iliyopitisha FHIA kwa kasi ndiyo iliyopitisha bakteria.

Kahawa, inayoota chini ya migomba hiyohiyo, inatoa kipimo cha kulinganishia. Mnyauko fuzari uliposhambulia robusta ya Kagera katika miaka ya 1990, mpokeaji wa utafiti alikuwapo. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001 ikiendeshwa kwa ushirikiano na wadau wa zao, ilizalisha aina zinazostahimili ugonjwa katika kituo chake cha Maruku. Miche ilipitia halmashauri, vikundi na vyama vya msingi. Kahawa ya maganda ikapimwa kwa mizani, ikapokelewa na vyama vikuu, KDCU kwa Karagwe na Kyerwa na KCU kwa Bukoba, Muleba na Misenyi. Na mkoani kipo kiwanda cha kahawa ya kuyeyuka, TANICA. Mfumo huu una dosari ambazo kila mkulima anazitaja: malipo yanayochelewa, magendo ya kuvuka mpaka, na butura, ile kuuza kahawa ikiwa bado maua ili kupata fedha za shida. Hata hivyo ni mfumo. Una daftari, ghala na mtu wa kuulizwa. Ndizi haina kitu cha namna hiyo. Dalali hufika kibanjani, huutazama mkungu, hutaja bei kwa macho, na lori huondoka kwenda Mwanza, Kahama au Dar es Salaam. Barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene iliongeza malori, haikuongeza mizani.

Chuo kingine cha Ulaya kimeichunguza Karagwe kwa karibu zaidi. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, kikishirikiana na shirika la wakulima la MAVUNO na wahandisi wa kujitolea wa Ujerumani, kilifanya majaribio katika miaka ya 2010 ya majiko sanifu, gesi ya samadi, na mboji iliyotengenezwa kwa mkaa wa mimea na kinyesi cha binadamu kilichosafishwa kwa joto. Mahindi, maharage na mboga vilipandwa katika udongo wa Karagwe wenye asili ya volkano, ambao hushika fosforasi na kuinyima mimea, na mboji hiyo ilitoa mavuno mazuri kuliko udongo usiowekwa kitu. Ubora wa kazi hiyo ulikuwa kwamba swali lilitoka kwa wenyeji na vifaa vilitengenezwa papo hapo. Lakini pia iliishia zaidi katika majarida ya kisayansi kuliko katika karakana zinazouza.

Uganda imejaribu kutanguliza kiwanda. Florence Muranga, mtaalamu wa vyakula kutoka Makerere, chuo kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, aliongoza tangu 2005 mradi wa rais wa kusindika matoke huko Bushenyi, ukitoa unga uitwao Tooke. Fedha nyingi za umma ziliingia, majengo yakasimama, na maswali kuhusu faida yakaendelea kuulizwa bungeni. Bushenyi si mbali na Kyerwa, na funzo lake ni la wazi: chuo chenye heshima na serikali yenye nia vinaweza kujenga mtambo, lakini haviwezi kuamuru watu wanunue unga wa kitu wanachokipata kibichi kwa bei nafuu.

Hali imeanza kubadilika kutoka upande wa mbegu. Rony Swennen, aliyeongoza maabara ya migomba ya Leuven kwa miaka mingi, alihamia Arusha kufanya kazi na taasisi ya kimataifa ya IITA katika kampasi ya chuo cha Nelson Mandela, na huko, pamoja na watafiti wa Uganda na wa kituo cha Maruku cha taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania, TARI, uzalishaji ulianza upya kwa kutumia matoke yenyewe kama mzazi. Wakulima waliitwa kuonja kabla ya uamuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Tanzania iliidhinisha aina nne kutokana na kazi hiyo, TARIBAN 1 hadi 4, ambazo zinastahimili sigatoka nyeusi na zinapikika. Upande wa elimu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi mkoani Kagera kwa fedha za mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza mwaka 2021 kwa vyuo vya umma vya nchi nzima.

Kilichobaki ni mpokeaji wa biashara. Vyama vya msingi vya kahawa vya Karagwe na Kyerwa tayari vina wanachama, maghala, mizani na watunza hesabu, na mizani hiyo hukaa bila kazi msimu wa kahawa ukiisha, wakati mikungu hukatwa mwaka mzima. Bodi za vyama hivyo na halmashauri mbili za wilaya zingefanya vyema kuanza kupima na kuuza ndizi kwa kilo kabla kampasi mpya haijapokea wanafunzi wake wa kwanza, ili watafiti wakifika wakute mtu wa kufanya naye mkataba.